Jongo la Mpiga Pasi Asiyekula Nyama

Ameshatoka. Mlango umerudishwa nyuma yake, taa ya chumbani imezimwa, naye mumewe bado yuko kizingitini anamsemesha kwa nyuma kama mtu anayeliita basi lililokwishaondoka.

"Bibie, hicho kiatu usikiloweshe. Gundi haijakauka."

"Nikiloweshe kwa nini? Mvua iko wapi?"

"Kwa hilo dumu lako."

Mguu wa kulia una kiatu cheusi kizima. Wa kushoto una pacha wake, ila huyu amekatwa pua, na kidole gumba kinachungulia nje, chekundu, kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Aliyekikata kiatu ni mumewe mwenyewe, fundi viatu wa siku nyingi. "Maisha yangu yote naziba matundu," anasema, "leo natoboa. Na nimetoboa kwa mke wangu."

Mkononi mwanamke amebeba dumu la maji la lita tano. Kwa mtu mwingine anayekwenda kazini hilo si jambo la kuandikwa gazetini. Kwa huyu, na kwa kiwanda anachokwenda, ni sawa na kubeba jiwe la kumtupia mtu dirishani.

Kazini wanamwita Ngamia. Ni mpiga pasi katika kiwanda cha kufua na kunyoosha nguo za mahoteli na mahospitali, mwaka wa kumi na tisa sasa, na jina hilo hakupewa kwa utani. Alilipata kwa sababu aliweza kuingia asubuhi na kutoka jioni bila kunywa tone la maji na bila kwenda chooni hata mara moja. Wenzake walilitamka kwa heshima. Naye aliitika kwa kujidai.

"Unaitwa Ngamia mbele ya wageni wapya, unatembea kifua mbele," anasema, akiuvuta mguu taratibu kando ya barabara. "Kumbe nasifiwa kwa kujiua."

Kwenye kona, chini ya taa ya barabarani iliyopasuka kioo, anamsubiri wifi yake, dada wa mumewe, ambaye wanafanya kazi mashine moja.

"Wifi, hilo dumu vipi, unahama?"

"Ni letu sote leo. Wewe umekunywa?"

"Vikombe viwili vikubwa. Nikitembea nasikia chubwi, chubwi."

"Utakunywa tena kule. Twende."

Wanakwenda. Na kabla hawajafika, msomaji inafaa ajue wanakwenda wapi, maana aliyelala kwenye shuka la hoteli hajiulizi lilinyooka vipi.

Chumba cha kunyooshea kiko nyuma ya jengo. Madirisha yake yamefungwa mwaka mzima ili vumbi lisiguse nguo nyeupe. Katikati imelala silinda, pipa refu la chuma linalochemshwa kwa mvuke na kuzunguka bila kupumzika. Wanawake wawili wanasimama upande mmoja wakilisha shuka likiwa bichi. Wawili wanalipokea upande wa pili likiwa limenyooka na moto kama mkate uliotoka jikoni. Pembeni kuna meza za pasi kwa mashati ya wahudumu na makoti ya madaktari. Mvuke hauna pa kwenda, kwa hiyo unakaa na watu. Blauzi ya mpiga pasi ikikauka mgongoni inaacha ramani nyeupe, na ramani hiyo ni chumvi ya mwili wake, iliyotoka na haikurudishwa.

Mlangoni palikuwa na msumari, na kwenye msumari kilining'inia kibao cha mbao. Sheria yake ilikuwa nyepesi. Anayetaka kwenda chooni anachukua kibao. Asipokikuta, anapanga mstari kando ya mlango mpaka kirudi. Kibao kilikuwa kimoja. Wanawake walikuwa thelathini na ushei. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ghala la sabuni, na kando ya msumari alikaa msimamizi kwenye kiti chake, ambaye wote walimwita Mama Kibao.

Lakini ukidhani mwenye ukali ni Mama Kibao peke yake, hujaielewa kazi yenyewe. Mmoja akiondoka kwenye silinda, mwenzake analisha shuka peke yake. Shuka linaingia upogo, linajikunja, linaungua, na likiungua lawama ni ya wote wanne.

"Msimamizi unaweza kumzoea," anasema Wifi. "Ila mwenzako akikutazama kwa lile jicho la 'wewe tena', utajibana mpaka machozi."

Wakajibana. Na njia rahisi ya kujibana ni kutokunywa.

Hapo ndipo walipobuni kitu ambacho huwezi kukikuta popote ila kwa wapiga pasi. Kwenye kila chumba cha kufulia kuna kopo la vifungo vilivyong'oka kwenye nguo za wateja. Mgeni akiingia kazini, siku ya kwanza wakongwe walimchagulia kifungo, kikubwa cha koti kwa kawaida, wakakiosha, wakampa akiweke chini ya ulimi. Kifungo kinaita mate, mate yanadanganya koo, koo linasahau kiu. Mtu anamumunya kifungo kutwa nzima na kujiona amejua kazi.

Ngamia alipewa chake na mwanamke aliyesimama naye silinda moja wakati huo, ambaye baadaye akapandishwa kuwa msimamizi, yaani Mama Kibao huyo huyo. Naye Ngamia akampa wifi yake.

"Alinipa kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote," Wifi anakumbuka na kucheka bila furaha. "Utadhani ananivisha pete."

Jioni ikifika, wanawake wale walivamia bomba la uwani kama waliovuka jangwa. Walikunywa kwa pupa, kikombe juu ya kikombe, maji matupu kwenye mwili uliokwisha kumwaga chumvi kutwa. Wengi walifika nyumbani vichwa vinagonga, wanatapika. Ngamia jioni moja alifika akawa anamwita mumewe kwa jina la shemeji yake aliyefariki.

"Nikamwambia, kaka yangu haji tena, bibie, nipo mimi tu, nivumilie hivyo hivyo," anasimulia fundi viatu. Kisha utani unamtoka usoni. "Niliogopa. Nilidhani akili imeondoka."

Mwili wake ulisema mapema, na kwa sauti. Mkojo, ule mdogo uliopatikana jioni, ulikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa motoni. Vigimbi vya miguu vilimkaza kitandani hadi akaruka. Siku moja, akiwa kwenye meza ya pasi kumshikia mwenzake aliyefiwa, vidole vilikaza kwenye mpini wa pasi ya moto na vikakataa kuachia. Wifi alilazimika kumbandua kidole baada ya kidole huku shati la mhudumu likitoa moshi chini. Kilichoandikwa siku hiyo ni shati. Mkono haukuandikwa popote. "Uzembe," ndilo neno lililotumika.

Kiwanda kina tabibu wake. Hukaa kwenye chumba kilichoachwa kando ya ghala la sabuni, na akitibu lazima apige chafya. Alimpima Ngamia, akakuta presha imepanda, akampa vidonge. Vidonge vyenyewe, kwa namna vinavyofanya kazi, humfanya mgonjwa akojoe sana.

Hebu fikiria. Mtu anayefanya kazi mahali pa kukojoa kwa zamu amepewa dawa ya kukojoa. Tabibu hakumwuliza anakunywa maji kiasi gani. Hakumwuliza anafanya kazi upande gani wa jengo, ilhali mngurumo wa silinda ulivuka uwanja na kuufikia mgongo wa kiti chake.

Ngamia alifanya alichoweza kufanya mtu wa hali yake. Aliacha hata chai ya asubuhi.

"Nilikuwa nafunga saumu bila kumwambia Mungu," anasema.

Halafu kikaja kidole. Kilikuja alfajiri moja, ghafla, kana kwamba kimebanwa na mlango. Hakukanyaga kitu, hakujikwaa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kiliwaka moto mpaka hakuweza kuvumilia nguo ya kitandani juu yake.

"Mimi ninayenyoosha mashuka ya watu wasiohesabika," anasema, "shuka langu mwenyewe likinigusa nalia kama mtoto."

Tabibu alikitazama na kulitaja gonjwa bila kusita. Jongo. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, ikaganda kama vioo vidogo kwenye kiungo. Hapo alikuwa sahihi. Kilichofuata ndicho cha kukasirikia, na Ngamia anakisimulia neno kwa neno.

"Mama, punguza nyama."

"Nyama ipi, daktari?"

"Nyama nyekundu. Maini. Na bia."

"Bia ya nani?"

"Nakushauri kwa faida yako. Huu ni ugonjwa wa watu wanaokula vizuri."

Akamchoma sindano ya maumivu, na kila kidole kilipowaka tena akamchoma nyingine. Habari ilitangulia kufika chumba cha kunyooshea. Wenzake walimpokea kwa vicheko.

"Ngamia, kumbe nyumbani kunachomwa nyama tunafichwa."

"Fundi viatu siku hizi anashona ngozi au anaikaanga?"

"Jamani shoga, mfupa tu, hata wa kunusa."

Alicheka nao. Afanye nini? Nyumbani alimkuta mumewe ameshasikia, ameinama juu ya soli ya mtu, anajifanya amekasirika.

"Mke wangu, nyama unaila wapi?"

"Siili popote."

"Maana hapa naona maharage. Jana maharage. Kama kuna mwanamume anakulisha nyama huko nje, mlete, tumwombe atulishe wote."

Walicheka mpaka Ngamia akashindwa kusimama, kisha akalia, na kilio kikawa kirefu kuliko kicheko. Ndipo fundi viatu alipoweka nyundo chini. Kesho yake alifunga kibanda chake na kumpeleka mkewe hospitali ya serikali, wakapanga foleni tangu asubuhi hadi mchana wa jua kali.

Daktari waliyemkuta ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akinywa maji kwenye chupa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Alimwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza. "Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Nikiwa kazini? Sinywi."

"Kwa nini?"

Ngamia alieleza habari ya kibao. Daktari aliweka kalamu chini, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamtuma maabara.

Majibu yalikuja siku mbili baadaye. Asidi ya yuriki juu sana. Potasiamu chini, ndiyo maana misuli ilikaza na moyo ukawa unaruka mapigo. Vijiwe vidogo kwenye figo zote mbili. Na figo zenyewe, zote kwa pamoja, zinafanya kazi pungufu ya nusu ya inavyotakiwa.

Daktari alimfafanulia kwa lugha ya mtu na mtu. Asidi hii kila mwili unaitengeneza, wa anayekula nyama na wa asiyekula. Figo ndizo zinazoitoa nje, na figo zinaitoa kwa maji. Ukiukausha mwili kutwa, kwenye joto, miaka nenda miaka rudi, asidi inabaki ndani, inaganda, na figo zinaumia kimyakimya. Vidonge vile vya presha vilizidisha asidi na kuiondoa potasiamu. Sindano zile za maumivu, kwa figo zilizokauka, ni kumpiga teke mtu aliyeanguka.

"Nyama huweza kuongeza jongo, hilo ni kweli," alimwambia. "Kwako wewe nyama sijaiona. Nimeona ukame."

Akambadilishia dawa. Akamwagiza anywe maji kidogo kidogo siku nzima, si kwa mkupuo wa jioni, na chumvi aipate kwenye chakula chake cha kawaida. Na akaandika waziwazi kwamba mgonjwa aondolewe kwenye joto. Kiasi kilichobaki cha figo ndicho atakachoishi nacho, alisema. Kikipungua tena, kinachofuata ni kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Kazi isiyo na joto katika kiwanda kile ipo. Ni meza ya kukunja, iko chumba cha mbele, pana upepo, na wanaokunja hawahitaji kibao. Ngamia alipeleka cheti cha daktari ofisini na kuomba kitu kimoja tu, ahamishiwe huko.

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama. Alimwita tabibu, tabibu akasema ni jongo, ugonjwa wa mlo. Alimwita Mama Kibao, akamwuliza mbele ya Ngamia, "Hapa kuna sheria inayokataza watu kunywa maji?"

Mama Kibao alitazama sakafu. "Hapana, bosi. Maji hayakatazwi."

"Umesikia, mama? Hakuna aliyekukataza maji. Ugonjwa wako umetoka nyumbani kwako. Na meza ya kukunja imejaa."

Tuliseme hili kwa uwazi, maana linasemwa hivyo hivyo kwenye ofisi nyingi na linaachwa lipite. Ni kweli hakuna sheria iliyokataza maji. Walichofanya ni kumwachia mtu maji na kumfungia mlango wa kuyatoa, kisha wakamwuliza kwa nini hanywi. Mwanamke akanyimwa haja ndogo, jambo ambalo hata mfungwa hanyimwi, na figo zilipoharibika wakaenda kupekua sufuria lake la maharage kutafuta nyama.

Ngamia alitoka ofisini. Njiani kurudi nyumbani alimsimulia wifi yake yale maneno ya meneja, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akasimama.

"Wifi, amesema maji hayakatazwi."

"Amesema."

"Na msimamizi ni shahidi."

"Shahidi kabisa."

"Basi tunywe."

Ndiyo maana asubuhi hii kuna dumu. Wanawake wengine, waliokwisha kupenyezewa neno, nao wamefika wamebeba chupa, kandambili za plastiki zikiburuzika uwanjani, kila mmoja akijifanya hajui mwenzake amebeba nini. Silinda inawashwa. Mashuka yanaanza kuingia. Kikombe kimoja cha bati kinatoka kwenye dumu la Ngamia, kinapita mkono kwa mkono, kinarudi, kinajazwa, kinapita tena. Vifungo viko kwenye kopo lake. Mama Kibao anaona. Kikombe kinafika kwenye kiti chake, naye anakitazama muda mrefu kama anayesoma maandishi madogo. Anakunywa.

Haijafika saa nne. Wa kwanza anachukua kibao na kwenda zake. Wa pili anafika mlangoni, hakikuti, anapanga mstari kama sheria inavyosema. Wa tatu anasimama nyuma yake. Wa nne, wa tano. Wifi anamwambia Ngamia kwa sauti ya kusikika, "Wifi, mimi nimebanwa." Ngamia anasema, "Hata mimi." Wanaifunga silinda kama walivyofundishwa, kwa sababu silinda isiyolishwa huunguza nguo yake yenyewe, kile kitambaa kizito ilichovikwa, nao wanakwenda kwenye mstari. Wanaopokea upande wa pili hawana cha kupokea. Wanawafuata.

Mstari unatoka mlangoni, unazunguka meza za pasi, unarudi hadi kwenye mabomba ya mvuke. Hakuna anayepiga kelele. Kuna mmoja tu anayesema, "Jamani aliye mbele msimchekeshe, atatuletea mafuriko," na mstari mzima unatikisika kwa kicheko cha kubanwa.

Meneja anakuja kwa sababu dereva wa gari la hoteli anapiga honi uwanjani na hakuna mashuka ya kupakia.

"Huu ni mgomo?"

"Hapana, bosi," anajibu Ngamia. "Ni foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kibao. Mwenzetu amekwenda nacho. Akirudi anakwenda mwingine."

"Wote kwa pamoja mmebanwa?"

"Tumekunywa maji."

"Nani kawapa maji?"

"Hayakatazwi, bosi. Ulituambia wewe, na msimamizi alikuwepo."

Meneja anamgeukia Mama Kibao ili apate msaada wake wa kawaida. Mama Kibao anainuka kwenye kiti. Anainuka kwa shida, akijishika ukuta, na kwa mara ya kwanza watu wanatambua jinsi viatu vyake vilivyo vipana, na jinsi vifundo vya miguu yake vilivyojaa. Anampita meneja. Anakwenda hadi mwisho wa mstari, nyuma ya mwanamke wa mwisho, na kusimama.

"Na wewe?" anauliza meneja.

"Na mimi ni mtu, bosi."

Honi inapigwa tena. Meneja anatazama msumari, ambao hauna kitu, maana kibao kiko chooni na mwenye zamu yake. Hata yeye ingembidi angoje. Anasimama pale akijifuta shingo kwa leso, ndani ya joto ambalo si desturi yake kukaa nalo kwa zaidi ya dakika chache, na shati lake linaanza kushika mgongo.

"Nendeni," anasema mwishowe. "Nendeni wote."

Hayo yalitokea miezi minane iliyopita. Yaliyowapata waliokuwemo ni haya.

Kibao hakikurudi msumarini. Madirisha mawili yamefunguliwa na kutiwa wavu. Pipa la maji lenye bomba limewekwa karibu na silinda. Hakuna aliyeombwa radhi.

Meneja amepandishwa cheo. Katika taarifa yake ya mwisho kabla ya kuhama, pipa la maji limeelezwa kuwa ni mpango wake wa kujali afya ya wafanyakazi.

Tabibu yupo. Ana chumba kilekile na sindano zilezile, na bado anapiga chafya.

Mama Kibao alianguka kazini mwezi mmoja baada ya siku ile. Figo zake zilikuwa zimekwisha kitambo. Anaunganishwa na mashine mara mbili kwa wiki, na mwanawe ameuza kiwanja ili aendelee kutibiwa. Kiwanda kinasema ni kisukari. Hospitali imempima, hana kisukari. Fidia hajapewa.

Wifi alikwenda kupimwa. Ana vijiwe viwili vidogo, na daktari amesema akiendelea kunywa vitatoka. Bado yuko kwenye silinda.

Fundi viatu anakata pua za viatu vya wanawake wanne wa kiwanda kile, mbali na mkewe. Hawatozi.

Ngamia amehamia meza ya kukunja. Walimhamisha na mshahara ukapungua kwa moja ya tano, kwa maelezo kwamba kukunja ni kazi nyepesi. Kidole kimetulia, hakijawaka kwa miezi mitatu sasa. Figo zake zimebaki pale pale, chini ya nusu, na daktari mwenye sauti ya kukwaruza anasema kubaki pale pale ndiyo habari njema anayoweza kumpa. Jina amelikataa. Anayemwita Ngamia haitikiwi.

Nyuma ya kiwanda chao kuna kingine cha kuoka mikate, ambako wanawake wanasimama mbele ya majiko tangu usiku, na chooni kwao kunafungwa kwa kufuli, ufunguo anao mwanamume wa ghala. Yeye na wifi yake wamekuwa wakienda kusimama getini siku yao ya mapumziko na kuongea na wanaotoka zamu. Wanawauliza swali lile moja, kwamba kwa siku wanakunywa maji kiasi gani.

"Nataka hizi figo zilizobaki zinifikishe uzeeni," anasema, "na nataka yule binti wa mikate aingie uzeeni na zake zote mbili. Sina jingine."

Jumapili iliyopita walinzi waliwafukuza getini. Jumapili hii wanakwenda tena.